Nyama Aliyoikataa Nyanchoka

Nyanchoka alikuwa na namna yake ya kumtazama mtu anayemdanganya. Hakukunja uso, wala hakupandisha sauti. Alianzia kwenye viatu akapanda juu taratibu, kama anayemkagua ng'ombe aliyeletwa akiburutwa, na alipofika machoni alikuwa ameshamaliza kazi. Wachinjaji wa soko lile dogo lililo kwenye njia ya Magwagwa waliuogopa mtazamo huo kuliko barua ya ofisini.

Alikuwa mkaguzi wa nyama. Kila siku ya kuchinja alivaa gambuti na koti jeupe, akashika kisu chake mwenyewe ambacho hakumwazima mtu, akapasua tezi za shingo, akapapasa mapafu, akafungua moyo. Iliyo safi aliipiga muhuri wa wino wa zambarau. Isiyo safi aliimwagia mafuta ya taa ikatupwa shimoni, na mwenye mnyama akawa huru kulia akipenda.

Alizaliwa upande wa Kenyenya, katika nyumba ya Wakatoliki waliolima ndizi, akaolewa huku Nyamira na Mogire, mkulima wa majani chai na Msabato wa kuzaliwa. Akabatizwa upya mtoni, akaacha chai ya rangi na kahawa, akajifunza kupumzika Jumamosi. Hayo yote aliyapokea bila ubishi. Kilichomshinda kupokea ni watu waliodhani wamemaliza wajibu wao kwa Mungu kwa kuacha kahawa.

Aliyemtangulia kazini, Bwana Masese, alikagua nyama akiwa hotelini. Muhuri wa serikali ulilala kwenye droo ya bucha, na mchinjaji alijigongea mwenyewe alipotaka, hata juu ya mapafu yenye usaha. Masese alipostaafu, kanisa lilimfanyia karamu, likamvika shali begani, na mhubiri akamwita mtumishi mwaminifu katika mambo madogo. Nyanchoka alikuwepo. Alikula wali wake. Siku iliyofuata aliuchukua muhuri kutoka kwenye droo ile, na tangu hapo ukawa unatembea naye mkobani.

Kila asubuhi kichinjioni kulikuwa na ibada. Mwenye kuiongoza alikuwa Mzee Ogeto, mwenye bucha kubwa kuliko zote sokoni na mzee wa kwanza wa kanisa. Ogeto alikuwa mtu wa koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu na leso nyeupe ya kujipangusia jasho, ijapokuwa hakuna aliyepata kumwona akifanya kazi ya kumtoa jasho. Aliomba kirefu. Aliombea serikali, wagonjwa, visu, hata ng'ombe waliosimama pale wakisubiri kuchinjwa, huku maji yakifurika kwenye pipa na Nyanchoka akitazama saa.

"Dada Nyanchoka, hutuombei hata siku moja," Ogeto alimwambia wakati fulani, mbele ya watu.

"Mimi naomba nikifungua mapafu, mzee. Naomba nisikute kitu."

Wachinjaji walicheka. Ogeto hakucheka. Nyanchoka naye hakuwa anafanya mzaha. Mtoto wa shule anayekula nyama Jumatano hajui jina la aliyeikagua, wala hatalijua kamwe. Kwa Nyanchoka hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuikagua vizuri, na Ukristo wa kazini aliuona unaanzia hapo. Zaidi ya hapo alikuwa na dharau, nyingi. Alijua kwamba dharau ni dhambi, lakini aliiweka miongoni mwa zile ambazo angezitubu baadaye, nafasi ikipatikana.

Basi ikaja ile Ijumaa. Kesho yake kanisa jipya lilikuwa linazinduliwa. Matofali yamepakwa rangi, hema zimesimamishwa, wageni wanatoka Kisii na mbali zaidi, na Mzee Ogeto ameahidi mbele ya kusanyiko lote kwamba nyama itatoka zizini kwake. Saa tisa alasiri pikapu yake iliingia kichinjioni kinyumenyume. Nyuma, chini ya turubai, palikuwa na fahali mkubwa mwekundu aliyelala chali miguu imekakamaa hewani, na kijana wa kuchuna ngozi, Nyasani, baba wa watoto wanne, amekaa ukingoni na kisu mkononi. Ngozi ya miguu ya mbele ilikuwa imeshachunwa.

"Bwana asifiwe, dada," alisema Ogeto. Alisema kwa Kiswahili, lugha aliyoitunzia mimbari na mambo ya ofisi.

Nyanchoka alizunguka pikapu. Tumbo la fahali lilikuwa limevimba kama ngoma. Shingo ilikuwa imekatwa, ndiyo, lakini jeraha lilikuwa kavu, halikuwa na damu iliyoruka wala kuganda pembeni. Damu ilikuwa puani. Ilikuwa nyeusi, nyepesi kama maji ya masizi, ikidondoka bila kuganda.

"Huyu alikufa saa ngapi?"

"Alivunjika mguu bondeni. Tukamchinja haraka asiteseke. Hata mnyama ni kiumbe cha Mungu."

"Mzee, sijauliza alichinjwa saa ngapi. Nimeuliza alikufa saa ngapi."

Ogeto alitoa leso. Nyasani alitazama chini.

"Nyasani, shuka. Weka kisu hapo hapo, usimguse tena. Nenda ukanawe kwa sabuni mpaka kwenye mabega, halafu uende hospitali leo hii uwaambie umechuna ng'ombe wa kimeta. Umesikia?"

"Kimeta?" Nyasani alimgeukia Ogeto, akamwita mzee kwa Kigusii. "Omogaka, anasema kimeta."

"Huyu mama anapenda kutisha watu," Ogeto alisema na kutabasamu. "Nawa mikono, kijana. Utakuwa sawa."

Nyanchoka alimpigia simu daktari wa mifugo, ambaye alikuwa matangani upande wa Ekerenyo. Daktari alisikiliza dalili, akasema maneno machache: asipasuliwe, azikwe kina kirefu na chokaa nyingi, sampuli ya damu ya sikioni Nyanchoka aichukue mwenyewe kwa uangalifu, na yeye atafika Jumapili. Ogeto naye alikuwa amesogea pembeni na simu yake. Aliporudi alimnyooshea Nyanchoka simu hiyo, kama mtu anayetoa karata yake kubwa.

Ilikuwa sauti ya Mchungaji Manasseh. "Dada yangu, tunahitaji hekima hapa. Wageni ni mia nne. Hakuna namna? Ukipika sana moto unaua kila kitu."

"Mchungaji, wewe utakula ya kwanza?"

Mchungaji akasema mtandao unasumbua, na mtandao ukakatika.

Hapo ndipo Mzee Ogeto alipoingia katika Maandiko. Alimsogelea Nyanchoka kwa karibu, akapunguza sauti, akasema kwamba yeye pia ni msomaji na hataki washiriki wanajisike. Nyamafu imekatazwa kwa watu wa Mungu, hilo halina mjadala. Lakini Torati hiyo hiyo, dada, ukisoma kwa makini, inaruhusu apewe mgeni, au auziwe mtu wa taifa lingine.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kanisani nitapeleka ng'ombe mwingine. Huyu niachie kwa ile shule ya bweni ninayopelekea nyama. Watoto wengi pale si wa imani yetu. Wengine hata si watu wa huku."

Nyanchoka alikuwa amesikia mengi katika miaka kumi na saba ya kazi. Alishaambiwa ng'ombe amepigwa na radi, amekula sumu ya panya, amelogwa na shemeji. Hili hakuwa amelisikia. Alimtazama yule mzee kuanzia viatu, vilivyong'arishwa kwa ajili ya Sabato, akapanda mpaka kwenye vile vifungo vya dhahabu, na huko juu hakufika. Aligeuka akatema mate kwenye mfereji wa damu.

"Umesoma Torati yote, Mzee Ogeto, mwanzo hadi mwisho, na ulichopata humo ni mlango wa kupitishia mzoga?"

"Chunga ulimi wako. Mimi ni mzee wa kanisa lako."

"Najua. Ndiyo maana nimetema chini."

Aliamuru shimo lichimbwe nyuma ya kichinjio. Vibarua wanne walichimba kwa kununa, chokaa ikaletwa, fahali akasukumwa ndani mzima mzima na turubai lake. Lakini ilipofika saa kumi na mbili kasoro vibarua walitupa majembe. Sabato inaingia, walisema, wakaenda kuoga. Ogeto alikuwa ameshawasha pikapu. "Jua linazama, dada. Mimi siwezi kuvunja amri ya nne kwa sababu yako," alimwambia kupitia dirishani, na akaondoka.

Nyanchoka alisimama juu ya shimo lililofunikwa nusu. Hakuwa mjinga. Alijua shimo la nusu huwa linafukuliwa kabla ya jogoo kuwika, na nyama ya shimoni ikishaoshwa haina tofauti na nyama nyingine kwenye sufuria ya shule. Akavua koti jeupe, akashika sepetu. Mlinzi wa kichinjio, mzee Mose, Mkatoliki mwenye mgongo mbovu, alichukua jembe lililobaki bila kuombwa.

"Sisi tuliokwisha kupotea tusaidie," alisema.

Walifukia pamoja. Jua lilizama nyuma ya vilima vya majani chai, na watu waliovaa vizuri wakapita barabarani wakielekea kwenye ibada ya kufungua Sabato, wakamwona mkaguzi wa nyama akishindilia udongo kwa gambuti, jasho likimtiririka. Wengine walisimama kuhakikisha wameona vizuri. Hakuna aliyeuliza anazika nini.

Mogire alikuwa amekaa mbele ya nyumba na kitabu cha nyimbo magotini aliposikia lango. Alikuwa mume mpole, asiyependa kusemwa na watu.

"Mama Bitutu, nimeshapigiwa simu tatu. Wanasema unalima siku ya Sabato."

"Nimezika ng'ombe wa Ogeto."

"Hungemwachia daktari?"

"Angekuta kwato tu."

Mogire alifunga kitabu cha nyimbo. "Wewe kila siku ni wewe na watu wa kanisa. Kwani mbinguni utakaa peke yako?"

"Nikikuta Ogeto ameshika lango, nitarudi," alisema Nyanchoka, akaenda kuoga.

Kesho yake kanisa lilizinduliwa, na nyama ikanunuliwa kwingine. Nyanchoka alikaa kiti cha nyuma, akala maharage. Wiki moja baadaye aliitwa mbele ya baraza la kanisa. Alidhani ni habari ya fahali. Alikuwa amebeba hata matokeo ya sampuli, aliyopewa na daktari asubuhi hiyo, karatasi yenye neno moja la kutisha, kimeta. Hakuna aliyeiomba ile karatasi. Shtaka lilikuwa kuvunja Sabato kwa kazi ya mikono, mbele ya macho ya wageni, na kumtemea mate mzee wa kanisa.

Ogeto mwenyewe aliketi pembeni, macho amefumba, kama mtu anayemwombea adui yake. Mchungaji Manasseh aliuliza kama kuna wa kusema.

"Mchungaji," alisema Nyanchoka, "Bwana mwenyewe aliuliza, ni nani kwenu ambaye ng'ombe wake akitumbukia shimoni siku ya Sabato hatamtoa?"

Ndugu mmoja, karani wa baraza, mtu aliyejulikana kwa kusoma sana, aliinua mkono. "Ni kweli, Bwana alizungumza juu ya kumtoa ng'ombe shimoni," alisema kwa upole wa mwalimu. "Lakini hakuna mahali aliporuhusu kumtia."

Na wazee wazima, wenye mvi, wenye wajukuu, waliitikia kwa vichwa. Mmoja aliandika. Nyanchoka aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alijisikia kama siku ile ya kwanza chuoni alipofungua tumbo la kondoo akakuta limejaa minyoo inayocheza, na mnyama kwa nje ana manyoya mazuri.

Wakamweka chini ya karipio mwezi mmoja. Darasa la akina mama alilofundisha kila Sabato akapewa mke wa Ogeto.

Jumanne iliyofuata, Nyasani alikuja kichinjioni akiwa ameficha mkono ndani ya sweta. Hakuwa amekwenda hospitali. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda cheusi tititi kama kaa la moto lililozimika, kimezungukwa na uvimbe hadi kwenye kiwiko.

"Hakiumi, mama," alisema. "Omogaka alisema ni buibui. Amenipaka mafuta na kuniombea mara mbili."

"Na hakikuumi ndiyo unafurahi?"

Alimpandisha kwenye bodaboda ya kwanza iliyopita, akakaa nyuma yake, akamshikilia kiunoni kama mtoto mpaka hospitalini. Daktari kijana wa zamu alianza kuandika dawa ya jipu. Nyanchoka aliiweka ile karatasi ambayo baraza halikuitaka juu ya meza, mbele yake. Kalamu ilisimama. Nyasani alilazwa siku hiyo hiyo. Homa ilimpanda, akaweweseka siku mbili, mkewe akalia kwenye korido, kisha dawa zikamshika na akapona. Alibaki na kovu lililozama kama kijiko.

Maofisa wakaja, ng'ombe wa lokesheni nzima wakachanjwa, na mnada wa mifugo ukafungwa majuma matano. Mtu angedhani sasa watamshukuru. La. Wachinjaji waliokuwa wakimwogopa walianza kumchukia, kwa sababu mabucha yalikaa matupu, na mdomo uliotamka neno kimeta ulikuwa wake. Mwanamke mmoja sokoni alikataa kumuuzia nyanya.

Mzee Ogeto ndiye aliyenufaika. Sabato moja, siku ya shuhuda, alisimama na leso yake akasimulia jinsi alivyokuwa na fahali wa thamani aliyemlea kwa ajili ya Bwana. Siku ya Ijumaa, alisema, alisikia mzigo moyoni. Sauti ikamwambia, mtumishi wangu, usiwalishe watu wangu huyu. Akatii. Akakubali hasara, akamzika. Na leo, wapendwa, kanisa zima liko hai.

"Amina!" kanisa likaitikia.

Nyanchoka alikuwa nyuma, kwenye kiti cha waliokaripiwa, akisikiliza bila kushangaa. Kwa Ogeto hakutarajia kingine. Lakini kati ya zile amina alisikia moja anayoifahamu, karibu naye, na alipogeuka alimwona Nyasani, mkono bado umefungwa bendeji, midomo imebaki wazi kidogo baada ya neno lile. Amina hiyo ilimchoma kuliko ushuhuda wote. Alitoka nje kabla ya wimbo.

Jioni alimwagia Mogire hasira yake yote. Mbwa ana shukrani kuliko yule, alisema. Nilimbeba kwenye pikipiki kama mwanangu. Mogire alisubiri mpaka akaishiwa maneno.

"Nyasani anachuna ng'ombe wa nani?" aliuliza.

"Wa Ogeto."

"Shamba analolima ni la nani?"

Nyanchoka alianza kuokota vyombo.

"Wewe serikali inakulipa Ogeto akipenda asipende. Ukitema mate, mshahara unaingia. Yeye akinyamaza tu badala ya kusema amina, watoto wanne wanalala njaa. Usimpime kwa mizani yako, Mama Bitutu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kumwambia jambo ambalo hakuweza kulidharau. Alikaa nalo. Kesho yake alipeleka mkungu wa ndizi nyumbani kwa Nyasani, akaukabidhi kwa mke bila maelezo, akarudi. Dharau yake kwa Ogeto haikupungua hata punje. Ila aliacha kuwamwagia wote waliosimama karibu na mzee huyo.

Karipio liliisha mwezi wa tano. Baraza lilimpa nafasi ya kusema neno mbele ya kanisa, na kila mtu alijua neno linalotakiwa. Alisimama akasema, "Ijumaa nyingine nikipata mzoga, nitafukia tena," akakaa. Darasa hakurudishiwa.

Mnada ulipofunguliwa, Mzee Ogeto alikuwa wa kwanza kuleta mnyama, mtamba mweusi anayetembea vizuri, pua imelowa, macho maangavu. Hakuomba siku hiyo. Alisimama mbali karibu na pikapu yake akijifanya anatazama simu. Nyasani alichinja, akachuna kwa mkono wenye kovu, akamtundika.

Nyanchoka alichukua muda wake. Alipasua tezi moja moja. Alipapasa mapafu mara mbili. Alifungua moyo, akakata ulimi, akageuza ini kwenye mwanga. Alitaka kukuta kitu. Asingemdanganya Mungu juu ya hilo: alitaka kwa nguvu zake zote, hata minyoo mitatu tu kwenye mrija wa nyongo, impe sababu ya kuliita jina la Ogeto kwa sauti mbele ya soko zima. Alitafuta kama mwanamke anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye majani.

Hakukuta kitu. Ng'ombe alikuwa safi kama alivyoumbwa.

"Imepita," alisema.

Ogeto aliinua kichwa kwenye simu. "Imepita?"

"Nyama ni safi. Chukua, ipeleke kabla ya jua kukolea."

Mzee alisubiri kidogo, labda alidhani kuna mtazamo utafuata, ule wa viatu na vifungo. Haukufuata. Nyanchoka alikuwa ameshainama kwa mnyama wa pili.